Moshi wa Sala Katika Nchi ya Sandarusi

Mwaka 1331, baada ya kukaa Kilwa na kuusifu mji ule na ukarimu wa Sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, Ibn Battuta alipanda chombo akavuka mpaka Dhofari, kusini mwa Arabuni. Mbele ya hapo, kwenye bandari ya Hasik, aliona miti ya ubani akaieleza kwa maneno machache: ukiichanja hutoa utomvu mfano wa maziwa, nao utomvu huganda ukawa ubani. Aliandika kama mtu anayesimulia ajabu ya nchi ya mbali. Nahodha aliyempeleka asingeona ajabu yoyote, kwa kuwa njia ya bahari kati ya Kilwa na nchi ya ubani ilikuwa imezoeleka tangu zamani, vyombo vikishuka na kaskazi na kurudi na kusi.

Tena pwani hii ilikuwa na utomvu wake yenyewe. Msandarusi huota katika misitu ya pwani, kutoka Kenya mpaka Msumbiji, na sandarusi yake ikiwekwa juu ya kaa la moto hutoa moshi wenye harufu tamu. Kule Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, wanaakiolojia walichimbua mabaki ya utomvu uliochomwa katika karne ya 7 au ya 8. Ulipopimwa maabara ukabainika kuwa ni sandarusi ya hapa hapa, iliyofukizwa kama ubani. Vipande vingine vimepatikana Sharma, bandari ya Yemen iliyostawi kati ya karne ya 10 na ya 12, navyo vilipopimwa vilionekana kuwa vya jamii ya sandarusi ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo wakati Waarabu wa kusini walipokuwa wakituletea ubani wao, sisi tulikuwa tukiwapelekea wetu.

Naanza huko kwa makusudi. Historia nyingi za Ukristo wa kusini mwa Tanzania huanza na meli ya wamisionari, kana kwamba kila kilichomo kanisani kilishushwa bandarini siku ile. Msalaba ulishushwa kweli, na kengele, na vitabu. Harufu ilikuwapo.

Ilikuwapo majumbani kwanza. Katika pwani ya Kilwa na Lindi chetezo cha udongo ni chombo cha nyumbani, si cha ibada peke yake. Hufukiziwa nguo za bibi harusi, hufukiziwa mtungi kabla haujatiwa maji ya kunywa, hufukiziwa chumba cha mzazi na mtoto wake. Maulidi hayasomwi bila udi au ubani. Mganga naye huwa na wake, maana pepo haitwi kwenye hewa tupu. Ukitoka Kivinje ukaelekea bara, ukakata nyika ya miombo inayopanda kuelekea Liwale, ukafika vijiji kama Likawage, bado uko katika nchi hiyo hiyo ya harufu. Huko Wangindo na majirani zao wengi ni Waislamu, na Uislamu wao ulipanda kutoka pwani pamoja na misafara, ukapanda na ubani wake.

Misafara hiyo ilishusha pembe za ndovu, watu, na baadaye mpira. Sandarusi yenyewe ilichimbwa karibu zaidi na bahari, kwenye mchanga mwekundu ambako misitu ya kale ilikufa ikaacha utomvu wake ardhini. Wachimbaji walitofautisha aina mbili. Ile mbichi, iliyochumwa mtini au iliyokaa ardhini muda mfupi, iliitwa chakazi, ikapelekwa Bombay na China kwa bei ya chini. Ile iliyokomaa ardhini kwa karne nyingi ilikuwa na ngozi ya vipele vidogo vidogo ukishaiosha, na hiyo ndiyo Wazungu na Wamarekani waliyoitaka. Richard Burton, aliyepita pwani hii miaka ya 1857 hadi 1859, aliiandikia kurasa nyingi. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliinunua Zanzibar kwa marobota ya amerikani, ile nguo ambayo jina lake limetubakia, wakaipeleka kwao kuisafisha na kuigeuza vanishi ya kung'arishia samani na magari ya farasi. Utomvu ambao kwetu ulipandishwa moshi ukaenda kulazwa juu ya mbao za matajiri wa Boston. Sioni ubaya wa biashara hiyo, lakini inachekesha kidogo kwamba miaka hiyo hiyo makanisa ya Marekani yenye kufukiza yalikuwa yakinunua ubani wa Arabuni na Usomali.

Ukristo ulikuwa umekwisha kufika Kilwa mara moja, na jinsi ulivyofika haisahauliki. Tarehe 24 Julai 1505 jeshi la Mreno Francisco de Almeida liliuteka mji. Maandishi ya wenyewe Wareno yanasimulia kwamba mapadre Wafransisko walishuka pwani kwa maandamano, wamebeba misalaba, wakiimba utenzi wa Kilatini wa kumshukuru Mungu, mpaka kwenye jumba la mfalme. Amiri akasali hapo. Kisha askari wakaanza kupora. Ngome ikajengwa. Haikupita miaka kumi, Wareno wakaiacha Kilwa, na sala ile haikuacha hata Mkristo mmoja wa kuirithi.

Ubani wenyewe ulikuwa umeingia kanisani kwa taabu kubwa zaidi kuliko tunavyodhani. Anayeona leo padre akizunguka altare na chetezo hudhani Wakristo walifukiza tangu siku ya Pentekoste. Wala. Karne tatu za mwanzo wengi wao walikufa, au waliponea chupuchupu, kwa sababu walikataa kufukiza. Mnamo mwaka 112 Plinio Mdogo, liwali wa Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajano kwamba mtu akishitakiwa kuwa Mkristo alikuwa akimjaribu kwa kumwambia atoe ubani na divai mbele ya sanamu ya Kaisari. Akitoa, aliachiwa. Mwaka 250 Kaisari Dekio aliamuru watu wote wa dola watoe sadaka kwa miungu na kupewa hati ya kuthibitisha. Baadhi ya hati hizo, zilizoandikwa kwenye mafunjo, zimepatikana Misri. Waliokubali kutia chembe chache tu za ubani motoni wakahesabiwa na Kanisa kuwa wameanguka, wakapewa jina lao la pekee, tofauti na waliokula nyama ya sadaka na walionunua hati kwa rushwa. Sipriano, Askofu wa Karthago, alihangaika miaka na swali la jinsi ya kuwapokea tena. Chembe za ubani, ambazo leo mtoto wa miaka kumi huzitia kwenye chetezo bila kuwaza, wakati ule zilikuwa na uzito wa kumkana Kristo.

Hata hivyo Wakristo wale walikuwa wanunuzi wa manukato, tena wakubwa. Tertuliano, pia wa Karthago, aliyeandika mnamo mwaka 197, aliwajibu wapagani waliolalamika kwamba Wakristo wanaua biashara ya ubani: ni kweli, alisema, hatuununui kwa ajili ya miungu, lakini Waarabu na waulizwe, watasema kwamba manukato yao mengi zaidi hutumika katika kuwazika Wakristo kuliko kuifukizia miungu. Basi ubani wa Kikristo ulianzia makaburini, na ulianza ukiwa heshima ya mwili wa marehemu kabla haujawa ishara ya sala.

Lakini ishara ya sala ilikuwa ikisubiri katika Maandiko. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 30, Musa anapewa kipimo cha uvumba wa hema: manukato manne yachanganywe sawasawa, ubani safi ukiwa mmojawapo, na atakayeuchanganya kwa ajili ya kunusa mwenyewe akatwe na watu wake. Kwa mtu wa pwani sheria hiyo ni ngumu kuielewa, maana kwake harufu ya mtungi wa maji na harufu ya maulidi ni moja. Halafu kuna Zaburi ya 141. Mtu yuko mbali na hekalu, hana sadaka ya jioni, hana uvumba. Anamwomba Mungu akubali sala yake ishike nafasi ya uvumba na mikono yake iliyoinuliwa ishike nafasi ya sadaka. Tazama mpangilio wake: sala ndiyo inayochukua mahali pa moshi. Miaka mingi baadaye Kanisa liliurudisha moshi ili uwe ishara ya sala ambayo ilikuwa imechukua mahali pake. Katika Ufunuo wa Yohana jambo hilo linasemwa wazi, vitasa vya dhahabu vimejaa manukato ambayo ni sala za watakatifu, na katika sura ya 8 malaika anasimama na chetezo mbele ya kiti cha enzi, moshi unapanda pamoja na sala. Ireneo wa Lyon, karibu mwaka 180, aliyasoma hayo pamoja na maneno ya nabii Malaki juu ya uvumba utakaotolewa mahali popote kati ya mataifa, akafundisha kwamba uvumba huo ni sala. Alifundisha hivyo katika Kanisa ambalo halikuwa na chetezo hata kimoja altareni.

Vyetezo vilikuja baada ya mateso kwisha. Egeria, mwanamke aliyehiji kutoka magharibi ya mbali, alikuwa Yerusalemu katika miaka ya 381 hadi 384, akaandika kwamba alfajiri ya Jumapili, baada ya zaburi na maombi, vyetezo viliingizwa katika pango la Ufufuko mpaka kanisa zima likajaa harufu. Ni kaburi tena. Pale alipozikwa Kristo na kutoka ndipo tunaposikia, kwa maandishi ya shahidi, chetezo kikifuka katika ibada. Kutoka hapo desturi ilitapakaa. Makanisa ya mashariki yaliikumbatia kwa nguvu zote, na Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia mpaka leo halijui ibada kuu isiyo na moshi.

Huo ndio ubani uliokuja kusini mwa Tanganyika katika mikono miwili tofauti.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Waanglikana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misioni ya Vyuo Vikuu alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wengi asili yao ni nchi za kusini, akawapeleka Masasi wakaanzishe kijiji chao. Ni wale wale, au ndugu wa wale wale, waliokuwa wameshushwa na misafara mpaka Kilwa Kivinje kuuzwa. Misioni hiyo ilielemea upande wa Uanglikana unaopenda mavazi, mishumaa na maadhimisho marefu. Kwao Uingereza mambo hayo yalikuwa ugomvi. Tarehe 31 Julai 1899 Maaskofu Wakuu wa Canterbury na York walitoa uamuzi kwamba ubani wa ibada hauruhusiwi. Mtu akitaka kuuchoma ili kanisa linukie vizuri, achome, lakini usiwe sehemu ya ibada. Nadhani hakuna mtu wa Masasi ambaye angeielewa tofauti hiyo hata ukimweleza kutwa nzima. Askofu Frank Weston, aliyeongoza Dayosisi ya Zanzibar tangu 1908 mpaka kifo chake mwaka 1924, hakuwa mtu wa kutetemeka mbele ya amri za Canterbury, na kati ya Waanglikana wa Zanzibar na Masasi chetezo kikawa kitu cha kawaida, huku ndugu zao wa Dodoma, waliozaliwa na misioni nyingine ya Kiingereza, wakiishi bila hicho na bila kukitamani.

Mkono wa pili ulikuwa wa Wabenedikto kutoka Ujerumani. Walifungua Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka uliofuata. Mmonaki wa Kibenedikto huishi kwa saa za sala, na sala ya jioni ya sikukuu ndiyo ambayo altare hufukiziwa wakati wa utenzi wa Bikira Maria. Kwa hiyo watu wa Lukuledi waliuona moshi huo kabla hawajaelewa neno moja la Kilatini kilichoimbwa. Ninaamini, na hili ni wazo langu, kwamba katika yote waliyoletewa, ubani ndio uliohitaji maelezo machache kuliko yote. Utatu Mtakatifu ulihitaji miaka ya katekesi. Ndoa ya mke mmoja ilihitaji zaidi. Lakini kila aliyewahi kuwaona watu wa pwani wakisoma maulidi alijua kwamba moshi ule unakwenda juu pamoja na maneno, na kwamba mahali palipofukizwa si mahali pa kupiga soga.

Wenyeji wa bara walikuwa na njia yao nyingine. Kwa Wayao na Wamakua wa Masasi, anayetaka kuzungumza na wazee waliotangulia alikwenda na unga. Kwenye shina la mti aliumimina taratibu, ukajipanga kama koni, akasema haja yake. Wayao huiita mbepesi. Sadaka hiyo hushuka, haipandi, kwa sababu wanaosemeshwa wako chini. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi iliyoundwa mwaka 1926, ndiye aliyechukua hatari ya kuliingiza jando katika Ukristo badala ya kulipiga marufuku, na mahali pa tambiko kwa mizimu akaweka sala na baraka za kanisa. Wasomi wameandika mengi juu ya jando lake, wengine wakimsifu, wengine wakiuliza ni nani hasa aliyemgeuza mwenzake. Mimi huvutiwa na jambo dogo zaidi: watu waliozoea kuinama na unga walijifunza kuinua macho, na ilitokea bila ugomvi mkubwa.

Lakini kabla ya Lucas palipita moto.

Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Matumbi iliyo kaskazini magharibi ya Kivinje, waliing'oa pamba ya serikali. Kwa mwaka mzima watu walikuwa wakimiminika Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale kupokea maji ya dawa, na Ngarambe palikuwa mahali pa sala kama palivyokuwa mahali pa siasa. Waliokwenda huko walitarajia kuwa karibu na wazee wao waliokufa. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro tarehe 4 Agosti. Moto ulikuwa umekwisha kusambaa. Katika siku hizo hizo Askofu Cassian Spiss, Mbenedikto mzaliwa wa Tirol mwenye umri wa miaka 39, alikuwa njiani kwa miguu kutoka Kilwa kwenda Peramiho, pamoja na mabradha wawili na masista wawili. Walikuwa wakikata nyika ile ile ya bara ya Kilwa ambayo Likawage ni sehemu yake. Tarehe 14 Agosti, huko Mikukuyumbu karibu na Liwale, wapiganaji wa Kingindo waliwaua wote watano. Boma la Liwale lilianguka. Kabla ya mwezi kwisha Lukuledi, Nyangao na Masasi zilikuwa zimechomwa. Mmoja wa masista wa Nyangao alikufa walipokuwa wakikimbia.

Kwenye vitabu vya misioni moshi wa mwaka huo ni wa makanisa. Kwa wenyeji ulikuwa wa maghala. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na nafaka, wakasubiri njaa imalize kazi, na makadirio ya wanahistoria wa hapa nchini yanafika watu 250,000 hadi 300,000 waliokufa. Nchi kubwa kati ya Kilwa na Liwale ikawaachia tembo nafasi. Mtu anayezungumza juu ya moshi mtamu wa ibada katika nchi hiyo asiuruke huo mwingine, kwa sababu waliorudi kujenga upya walikuwa na kumbukumbu zake puani, wa pande zote mbili.

Walirudi upesi. Mwaka 1906 Wabenedikto walianzisha Ndanda, chini ya uwanda wa Makonde, penye maji ya kutosha, na hapo ndipo makao yao yalipokita. Vita Kuu ya Kwanza ikawapitia tena: Oktoba 1917, Mahiwa na Nyangao zikawa uwanja wa mojawapo ya mapigano makali kuliko yote ya Afrika Mashariki, na baada ya vita wamonaki Wajerumani wakafukuzwa, wakashikiwa nafasi na wenzao kutoka Uswisi mpaka walipoweza kurudi. Mwaka 1931 Ndanda ikawa abasia yenye eneo lake la uchungaji, mitambo yake ya uchapaji ikatoa vitabu vya sala vya Kiswahili, na ibada ikapata umbo ambalo wazee wa kusini bado wanalikumbuka: Misa ya Kilatini, kisha baraka ya Sakramenti Kuu jioni, padre amepiga magoti, chetezo kinapanda na kushuka mara tatu. Kwa sheria za wakati ule ubani ulikuwa wa Misa kuu tu. Misa ya kawaida ya padre mmoja na mtumishi mmoja haikuwa nao. Kwa hiyo moshi ulikuwa alama ya sikukuu, na watoto walijua kwa pua zao kama leo ni siku kubwa.

Upande wa Masasi, mwaka 1960 alifika askofu ambaye dunia ilimjua kwa sababu nyingine kabisa. Trevor Huddleston alikuwa amepigana na ubaguzi wa rangi huko Sophiatown, Johannesburg, akarudishwa Uingereza na wakuu wa shirika lake, kisha akaletwa kusini mwa Tanganyika akakaa mpaka 1968. Alikuwa mmonaki wa Kianglikana wa Mirfield, mtu wa siasa kali za haki na wa liturujia nzito. Wako wanaodhani mambo hayo mawili hayakai pamoja, kwamba anayejali maskini hana muda wa chetezo. Kwake vyote viwili vilitoka katika chanzo kimoja: ukiamini kwamba mwili wa binadamu unastahili kufukiziwa mbele ya altare, huwezi kuvumilia uvunjiwe nyumba na tingatinga.

Maana hufukiziwa kweli, na jambo hilo waamini wengi hawaliangalii. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Misale mpya ya mwaka 1970 iliruhusu ubani katika Misa yoyote, ila haikuufanya lazima. Kanuni za Misale zinazotumika sasa zinasema ubani ni ishara ya heshima na ya sala, na zinatoa hesabu: Sakramenti Kuu mara tatu, msalaba mara tatu, vipaji mara tatu, padre mara tatu, na watu waliosimama kwenye mabenchi yao mara tatu vilevile, masalia na picha za watakatifu mara mbili. Mkulima wa ufuta hupata moja zaidi ya sanamu ya mtakatifu. Huko Zaire, Misale iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988 kwa majimbo ya nchi hiyo ilikwenda mbele zaidi, ikaunganisha ubani na mwendo wa kucheza kuizunguka altare, na padre wa Goma au Bukavu akisimulia hayo, wa Lindi humsikiliza kwa wivu kidogo.

Jimbo la Lindi lilipata jina hilo mwaka 1986, na Kilwa iko ndani yake. Ni jimbo la Wakristo wachache kati ya Waislamu wengi. Katika vigango vya bara, mahali ambapo padre hufika kwa zamu, katekista huongoza ibada ya Jumapili bila ubani. Padre akija kwa sikukuu ndipo chetezo hutoka kabatini. Mkaa huletwa kutoka jikoni kwa mtu, umekwisha kushika moto, maana ubani wenyewe hauwaki, huyeyuka na kufuka tu. Mtumishi mmoja hubeba chetezo, mwingine kikasha cha ubani, ambacho kwa desturi ya kale ya Ulaya hutengenezwa kwa umbo la chombo cha baharini, ingawa vigango vingi hutumia kikopo chochote chenye mfuniko. Padre hutia vijiko vichache, hubariki kimya kwa ishara ya msalaba, na kazi huanza. Ubani huo hununuliwa dukani, kutoka Usomali au Omani, aina ile ile aliyoiona Ibn Battuta. Sandarusi ya hapa haijapata nafasi altareni. Hakuna kanuni inayoikataa.

Siku hizi chetezo kina wapinzani wapya. Wahubiri wa makanisa ya kilokole hufundisha kwamba ubani ni chakula cha majini, kwa kuwa waganga wa pwani hutumia huo huo, na Mkatoliki wa Kilwa hulazimika kujibu swali ambalo babu yake hakuulizwa. Wengi hujibu vibaya, kwa kusema wao hutumia tofauti. Jibu lenye nguvu zaidi liko kwa wale wa mwaka 250: chembe ni ile ile, kaa ni lile lile, na wao walikufa kwa sababu walijua kwamba la kuuliza ni nani anayepelekewa.

Siku ubani unapohitajika bila hoja ni siku ya msiba. Mwisho wa Misa ya mazishi padre huzunguka jeneza mara moja na maji ya baraka, mara ya pili na chetezo, kama Kanisa la Karthago lilivyoheshimu maiti zake wakati bado linauogopa ubani mbele ya altare. Kanisani wamo Waislamu pia, shemeji, majirani, wapwa, wengine wamekaa mabenchi ya nyuma, wengine nje chini ya mwembe. Hakuna anayeshtushwa na harufu. Wamekuja na ubani wao, ile fedha inayopelekwa nyumbani kwa wafiwa, nao hupokewa mezani na mzee aliyewekwa kwa kazi hiyo. Huo huandikwa kwenye daftari, jina na kiasi, ili siku ya msiba wa mtoaji urudishwe. Wa padre hauandikwi.